Karatasi Niliyoisoma Mbele ya Wageni

Mtu aliyenifundisha kuchukia alikuwa daktari mpole. Sijapata kumsikia akipaza sauti. Alikuwa akiingia wodini anatusalimu mmoja mmoja, anauliza habari za watoto, kisha anafunga mikono nyuma na kutembea polepole kati ya vitanda kama mtu anayekagua shamba lake. Ndiye aliyekuwa mkuu wa hospitali tuliyofanyia kazi wakati wa ugonjwa ule uliofunga dunia. Bado yu hai, anakaa hapa hapa Kampala, na sijamsamehe. Nalisema hilo mapema ili anayesoma asije akangoja msamaha mwishoni.

Mimi ni muuguzi. Nilizaliwa katika nyumba za askari kule Mbuya. Baba alikuwa mtu wa kaskazini aliyevaa magwanda mpaka alipostaafu, mama ni Mkatoliki, na shangazi aliyetulea mama alipokuwa kazini ni Mwislamu. Nyumbani tulizungumza Kiswahili cha kambini, kile cha "wewe kuja hapa" na "mimi hapana taka". Kilitutosha kwa amri, kwa matusi na kwa kuombana chumvi.

Kiswahili kilichonyooka nilikipata ukubwani, kwa rafiki niliyesoma naye uuguzi. Ukoo wake ni wa wale Waislamu wa zamani wa mji huu, ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani wakaoa na kubaki. Baba yake ana duka la vitambaa katika soko la Kikuubo, na jioni husomesha watoto Kurani nyumbani kwake Kibuli. Siku ya kwanza nilipomsemesha kwa Kiswahili alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada," akasema, "Kiswahili chako kimevaa buti." Toka siku hiyo akawa ananisahihisha, kila siku, kwa miaka. Tulipomaliza masomo tukapangiwa hospitali moja, na ugonjwa ulipoingia tukapelekwa sote wawili wodi ya waliotengwa.

Wimbi la kwanza tulilimudu. La pili ndilo lililotuvunja. Mabasi yalisimamishwa, bodaboda zilikatazwa kubeba abiria, nami nikawa nashuka kutoka Mbuya kwa miguu kabla jua halijawa kali, kitambulisho kikining'inia shingoni ili askari wa kizuizini wasinirudishe. Tulivaa yale mavazi ya plastiki kutoka kichwani hadi miguuni, na ndani yake jasho lilitiririka mpaka kwenye viatu. Hatukunywa maji kazini kwa kuogopa kwenda haja, maana ukiyavua huna mengine ya kuvaa. Wagonjwa walikuwa hawatujui sura. Waliona macho tu. Rafiki yangu aliandika neno "Salama" kwa kalamu nene kifuani pake ili wapate kitu cha kusoma.

Sasa nitaeleza asubuhi moja, kwa sababu yote yaliyofuata yametoka humo.

Ilikuwa saa ya kubadilishana zamu. Mitungi ya oksijeni tuliyoahidiwa haikufika. Katika chumba chetu walibaki wagonjwa wawili ambao mitungi yao ilikuwa ukingoni, na sisi tulikuwa na mtungi mmoja tu uliojaa. Mmoja alikuwa mama kijana, mwalimu wa shule ya msingi. Wa pili alikuwa mzee, fundi wa baiskeli kutoka Bwaise, mtu mcheshi aliyependa kutuita "malaika wa nailoni". Daktari wa zamu alikuwa mwenyewe kalazwa chumba cha pili. Rafiki yangu akampigia simu mkuu wa hospitali, akaweka sauti ya wazi ili nami nisikie. Akamweleza: wagonjwa wawili, mtungi mmoja, tufanye nini?

Kisha yule bwana akasema, kwa upole wake ule ule, "Tumieni busara zenu, masista," akakata.

Tulitazamana. Mimi sikuweza kunyanyua mkono. Nasema kweli: nilisimama kama kigingi. Ni yeye aliyeuburuta mtungi mpaka kitanda cha yule mwalimu, akamwunganishia. Wa mzee ukaisha mbele yetu. Mzee hakupigana. Alimtazama rafiki yangu tu, akaendelea kumtazama, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amekufa. Mwalimu aliishi. Alipotoka hospitali alileta kapu la machungwa, na rafiki yangu akajifungia chooni mpaka mwalimu akaondoka.

Baada ya hapo kila mmoja wetu aliugua kwa namna yake. Yeye alianza kuhesabu pumzi za watu. Tukiwa tunakula rolekisi, zile chapati za kuviringishiwa mayai, kwenye ngazi za nyuma, namwona midomo inacheza, najua anahesabu pumzi za muuzaji, za mlinzi, zangu. Aliniambia kwamba akipita karibu na dirisha la ghorofa ya tatu hushika ukuta wa upande wa pili, asije akajirusha bila kutaka. Mimi nilinawa mikono mpaka ngozi ikachanika. Birika likipiga filimbi nyumbani naruka, nadhani ni mashine ya mgonjwa. Na nilipata jambo jingine ambalo sikuweza kumwambia hata mama: nilianza kuwachukia wagonjwa. Nilichukia vikohozi vyao, nilichukia macho yao yakinifuata chumbani, nilichukia wanavyonishika mkono. Nikishawageuza na kuwafuta, naenda nyuma ya pazia nauma kidole cha glovu.

Ndipo hospitali ikaleta mshauri nasaha. Alikuwa binti mdogo, mwenye sauti laini na viatu vyeupe ambavyo hapo kwetu havikufaa. Akawekewa hema nyuma ya duka la dawa, na orodha ya watakaomwona ikabandikwa ukutani katika ukumbi wa kulia chakula. Nilipoingia aliniambia, "Utakayosema hapa yanabaki hapa." Mimi ni mtoto wa kambini, sikulelewa kuamini maneno kama hayo. Lakini nilikuwa nimechoka. Nikayasema yote, mpaka lile la kuwachukia wagonjwa, na nikalia kilio ambacho sikulia hata siku ya kumzika baba. Nilitoka mwepesi. Rafiki yangu aliingia baada yangu, akakaa humo zaidi ya saa nzima. Alipotoka alinishika bega, akasema, "Nimemwambia." Usiku wake, aliniambia kesho yake, alilala.

Jumatatu iliyofuata tuliitwa mkutanoni katika ukumbi wa kulia chakula. Wauguzi, madaktari, watu wa maabara, wafagiaji, sote. Mkuu wa hospitali akasimama na karatasi mkononi, amevaa koti lake jeupe lililopigwa pasi. Akasema amepata taarifa ya kusikitisha kuhusu hali ya mioyo ya baadhi yetu. Akaisoma. Hakutaja majina.

"Yuko muuguzi hapa," akasoma, "anayewachukia wagonjwa. Yuko mwingine anayedai ameua mtu kwa mkono wake, na anafikiri kujirusha dirishani."

Majina hayakuhitajika. Orodha ya hema bado ilikuwa ukutani nyuma yake, majina yetu mawili juu kabisa. Vichwa viligeuka polepole, kama vile mtu kavivuta kwa uzi. Naye akaendelea, akasema wenye mioyo dhaifu watatafutiwa kazi nyepesi, wasije wakawaharibu wenzao. Kuhusu simu aliyopigiwa asubuhi ile hakusema neno.

Rafiki yangu aliinuka. Alivua kitambulisho chake, akakiweka juu ya meza taratibu kama mtu anayeweka yai, akatoka. Hakurudi tena kazini. Nyumbani kwao alisema ameumwa kifua, na baba yake akaamini, kwa sababu siku hizo kila mtu alikuwa akiumwa kifua. Mimi nikapelekwa stoo ya mashuka, nyuma ya chumba cha kufulia, mahali ambapo mgonjwa hafiki.

Nilikaa huko miaka mitatu. Watu hudhani chuki ni moto. Yangu ilikuwa kazi, ina ratiba. Naamka nayo, navaa nayo, nakunja mashuka nayo. Wenzangu waliokuwa wakila nami walianza kula mbali. Muuguzi mmoja mchanga alilazwa kwa malaria, na nilipompelekea blanketi mama yake akauliza kwa Kiganda kama ni mimi yule asiyependa wagonjwa. Nikamtandikia mwanawe vizuri, nikamfunika, nikarudi stoo nikasema kwa sauti, peke yangu, jina la yule bwana. Nilikuwa nalisema kila siku mara moja, kama dawa.

Nilimlipiza vidogo vidogo. Mapazia ya ofisi yake yalitoka kwangu, nami nilihakikisha yana mabaka. Taulo lake lilikuwa lile linalonuka hata baada ya kufuliwa. Mlango wa stoo nilikuwa naufunga nikimwona anakuja, abishe, angoje. Vilinifurahisha kwa dakika tano, kisha nikawa na njaa tena.

Lakini kitu kikubwa nilikuwa nacho tangu wiki ile ile ya mkutano. Koti lake lilikuja kufuliwa, na kwangu kulikuwa na desturi ya kukagua mifuko kabla nguo hazijaenda kwenye mashine. Nikaikuta ile karatasi imekunjwa mara nne. Ilikuwa imepigwa chapa kwa Kiingereza, na hii yenyewe ilikuwa na majina yetu yote mawili. Pembeni, kwa kalamu yake ya bluu, kando ya jina la rafiki yangu alikuwa ameandika: "Simu yake isiingizwe kwenye taarifa." Kando ya langu: "Apelekwe pasipoonekana."

Nilisoma maneno hayo nimesimama kati ya marundo ya mashuka machafu, na nakumbuka nilitabasamu. Sikuwa nimetabasamu kwa miezi mingi. Nikaificha nyumbani ndani ya Biblia ya mama, mahali ambapo mama peke yake angeiona, na mama haoni vizuri.

Rafiki yangu sikumwambia. Nilikuwa namtembelea Kikuubo, ambako sasa alikuwa akimsaidia baba yake dukani. Kikuubo ukisimama unasukumwa, marobota yanapita juu ya kichwa chako, kila mtu anauza kwa kelele. Yeye alikuwa amekaa katikati ya kelele hizo kimya, anapima kitambaa, anakata. Alisema anapenda pale kwa sababu watu ni wengi mno, huwezi kuhesabu pumzi zao. Hatukuzungumza juu ya hospitali. Mara moja nilijaribu. Akaniambia, "Mwenzangu, mimi nimelifukia. Usinifukulie." Nikaitikia.

Mwaka wa tatu wafadhili walijenga chumba hospitalini, chumba cha mapumziko kwa wafanyakazi waliochoka akili. Kilikuwa na viti vya starehe, mimea na kuta za rangi ya maji. Sherehe ya kukifungua ikapangwa, na yule bwana ndiye aliyekuwa wa kupongezwa, kwa moyo wake wa kuwajali watumishi. Ilihitajika sauti ya muuguzi atoe ushuhuda.

Akaja mwenyewe stoo. Nilikuwa nakunja foronya. Akanisalimu, akauliza habari za mama, akasema amesikia kwamba nilipitia magumu wakati ule nami nikavuka, kwa hiyo ni mfano kwa wengine. Je, ningependa kusema maneno machache?

Nilimtazama usoni nikitafuta aibu, au hofu, au hata hila. Hapakuwa na kitu. Hakukumbuka. Maneno yaliyonifukuza wodini alikuwa ameyasahau kama mtu anavyosahau alichokula Jumanne. Nafikiri angekumbuka, hata kwa ukatili, ningemwonea huruma kidogo siku ile. Nikamjibu kwa heshima zote, "Ndiyo, Daktari. Nitasema machache."

Siku ya sherehe hema kubwa lilisimikwa uani. Langoni mlinzi, mzee mmoja aliyetoka jeshini, alinizuia kwanza kwa sababu nilikuwa nimevaa gomesi, vazi letu la sherehe, badala ya sare. "Sista, wewe hapana pita, wageni ndiyo anaingia," akasema, kisha akanitambua akacheka, akaniambia nimependeza kama bibi harusi. Nikaketi mbele. Karatasi ilikuwa mkononi, nimeifunika kwa leso. Wageni walizungumza. Yule bwana alizungumza, akataja neno "familia" mara nyingi. Mgeni wa heshima alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka kwa wafadhili, mwenye miwani, aliyeandika kila kitu kwenye daftari.

Nikaitwa. Nilisimama mbele ya kipaza sauti, nikasema kwamba mimi si msemaji, kwa hiyo nitasoma ushuhuda ulioandikwa na mkuu wetu mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Nikaufungua.

Niliusoma kwa Kiingereza kama ulivyo, majina nikayaruka, maandishi ya kalamu ya bluu sikuyaruka. Nikaeleza simu ilikuwa simu gani, na alijibu nini. Nilimwona yule bwana akigeuka, nikamwona akiitambua karatasi, nikaona damu ikimshuka usoni, na nilijisikia vizuri kama mtu aliyetua mzigo wa kuni kichwani. Siwezi kudanganya. Katika maisha yangu chakula kitamu kama kile sijala.

Ningeweza kuishia hapo. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini nilipoinua macho niliona nyuma ya hema walinzi, madereva na wapishi, wengi wao watu wa kambi kama sisi, Kiingereza kinawapita. Walikuwepo siku ile ya mkutano. Walinitazama siku ile. Nikataka nao wasikie. Na hapo hapo, kabla sijafungua kinywa, nikamwona rafiki yangu, safu ya tatu, amevaa buibui jeusi, na kando yake baba yake. Hospitali ilikuwa imewaalika waliowahi kufanya kazi pale pamoja na familia zao. Mimi sikulijua hilo. Alikuwa akinitikisia kichwa: hapana, hapana.

Baba yake Kiingereza chake ni cha bei na vipimo. Mpaka dakika ile alikuwa hajaelewa kitu. Nilijua. Nilimwona binti yake, nikaelewa anachoniomba, na nikaendelea. Niliusoma tena kwa Kiswahili, taratibu, kila ngeli mahali pake, kila neno wazi: muuguzi aliyempa mwingine mtungi, mzee wa Bwaise, dirisha la ghorofa ya tatu. Kiswahili alichonifundisha yeye ndicho nilichomvulia nguo nacho mbele ya mzazi wake. Kabla sijamaliza yule mzee alikuwa amegeuka anamtazama binti yake, na binti yake ameinamisha uso.

Yule mama mwenye miwani alisimama, akaomba karatasi. Akaisoma. Akamwuliza mkuu wa hospitali, mbele ya wote, kama mwandiko ule ni wake. Akajibu kwamba kilikuwa kipindi kigumu kwa kila mtu. Akamwuliza tena, kwa maneno yale yale.

"Ndiyo," akasema. "Ni wangu."

Utepe haukukatwa siku hiyo.

Nilimkuta rafiki yangu langoni. Baba yake alikuwa ametangulia kwenye gari. Nilikuwa bado nimelewa ushindi, nikamwambia, amekiri, umesikia, amekiri. Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Yeye alinisoma mbele ya wafanyakazi," akasema. "Wewe umenisoma mbele ya baba."

Kisha akaingia garini.

Yule bwana alisimamishwa mwezi ule ule. Kulikuwa na uchunguzi, nikaitwa nikaeleza, na mwishowe akastaafishwa mapema, bila sherehe. Yule binti mshauri alitafutwa akapatikana; alisema aliambiwa asipotoa maandishi yake mkataba wake utakatwa. Sikumwombea mabaya wala mema. Mimi nilirudishwa wodini. Wenzangu wakaanza kunisogelea tena, wakiniletea soda, wakinisifu kwa ujasiri. Hao hao waliogeuza vichwa. Nilikunywa soda zao.

Wiki nne nilikaa bila kwenda Kikuubo. Nilipoenda, rafiki yangu hakuwepo dukani, yupo baba yake peke yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikaanza kujieleza. Nilisema nilitaka haki ya binti yake pia. Alinisikiliza huku akikunja kitenge, na nilipomaliza akasema, "Mwanangu, haki ya binti yangu ungemwuliza binti yangu. Mimi miaka mitatu nimemwombea kifua."

Nilikaa pale kwenye kigoda nikiwa sijui niweke wapi mikono. Mteja akaja, akamhudumia. Mwingine akaja. Baadaye akaniletea kikombe cha chai ya tangawizi, nikanywa, nikaaga.

Rafiki yangu alinipigia simu baada ya kama miezi miwili. Alinieleza kwamba usiku wa siku ile ya sherehe alimwambia baba yake mambo yote, na kwamba baba yake alilia, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Kisha mzee akasema watafute watu wa yule fundi wa baiskeli. Ikawachukua muda, maana Bwaise mafuriko yalikuwa yameingia na watu wengi wamehama. Wakampata mjane wake katika chumba cha kupanga, karibu na mtaro, anauza mihogo ya kukaanga. Rafiki yangu akamwambia kwa mdomo wake mwenyewe alichofanya.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Aliuliza kama mumewe aliogopa. Nikamwambia hapana, alikuwa ananitazama tu. Akauliza yule mwingine aliishi? Nikasema aliishi. Akaendelea kumenya mihogo. Tulipoaga akatufungia mingine kwenye gazeti."

Kisha akasema kwamba tangu siku hiyo anahesabu pumzi mara chache. Akasema pia hili halinifutii nililomtenda. Nikamwambia najua. Akasema anataka nijue vizuri. Nikamwambia najua vizuri.

Kile chumba kilifunguliwa baadaye, kimya kimya. Mshauri wa sasa ni mama mtu mzima, mnene, anayekaa na mkoba mapajani. Naenda Alhamisi. Mara ya kwanza nilimwuliza kama anaandika ninayosema, akanionyesha viganja vyake vitupu. Nimemweleza yote, pamoja na ile furaha ya kuona damu ikimshuka mtu usoni. Aliniuliza kama ningerudi nyuma ningefanya tena. Nilimwambia la Kiingereza ningefanya, hata kesho. La Kiswahili, hapana.

Yule bwana nilimwona mwaka huu katika foleni ya duka la dawa, mjini. Amekonda, koti limemlegea mabegani. Alikuwa anataka dawa za usingizi, na yule binti wa kaunta anamwambia kwa sauti kubwa, mbele ya foleni nzima, kwamba hizo hauzi bila cheti. Alipogeuka akaniona. Akasema, "Sista, habari za siku nyingi." Alikuwa ananikumbuka sasa. Sikumjibu. Nilimwangalia mpaka akashusha macho, akatoka, nami nikasogea mbele kununua dawa ya mama. Nilirudi Mbuya nikiimba. Mama akaniuliza nimepata nini, nikamwambia hewa ya leo ni nzuri.

Rafiki yangu hakurudi kwenye uuguzi. Bado anapima vitambaa, na mara moja kwa mwezi anapeleka unga na sukari Bwaise. Tunaonana. Si kama zamani. Akinisahihisha Kiswahili siku hizi hufanya hivyo bila kucheka, lakini ananisahihisha.

Maandishi haya nilimpelekea kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliyasoma dukani, amekaa juu ya robota, mimi nimesimama. Aliniomba nitoe sehemu mbili zinazomhusu. Nimezitoa, na hapa hazipo. Kuhusu yule bwana hakuniambia nitoe chochote.